Chai ya Saa Kumi, Marangu

Desemba 2018 nilimfungia kaka yangu mlango wa Krismasi. Sikumtukana wala sikugombana naye. Nilifanya kazi niliyopewa na familia, nikaifanya kwa uangalifu wote, na ndiyo kazi iliyomzuia asije nyumbani.

Nilikuwa mweka hazina wa kundi letu la WhatsApp. Ukichukua sisi watoto wa Mama, ukaongeza watoto wa baba wadogo na wa shangazi wenye kipato, tulikuwa wachangiaji 23. Kiwango kilikuwa shilingi 150,000 kwa kila mmoja: mbuzi wa ndafu, mchele, soda, ulezi wa mbege (pombe yetu ya ndizi), na kupaka rangi nyumba ya Mama iliyoko Marangu. Mimi ni mhasibu, na hesabu isiyofungwa huninyima usingizi. Kwa hiyo kila jioni niliweka orodha kwenye kundi. Majina 23, mbele ya kila jina kiasi alichotoa, na alama ya vema ya kijani kwa aliyekamilisha.

Ilipofika tarehe 15, majina 22 yalikuwa na vema. La kaka lilikuwa na sifuri. Watu wakaanza maneno. Mmoja akaandika, "Tunamsubiri mtu mmoja tu." Mtoto wa baba mdogo akaongeza kwamba kuna watu kila mwaka kazi yao ni kuja kula. Wengine wakacheka. Sikumkemea, sikufuta. Kesho yake nikaweka orodha tena kama kawaida, sifuri ikiwa imesimama peke yake katikati ya vema zote zile. Saa tatu usiku yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu: kaka ametoka kwenye kundi.

Nikajiambia ana hasira, zitapoa. Nikafungasha, nikaenda zangu nyumbani.

Kwetu Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Desemba ni mwezi wa kupanda mlimani. Watu hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa, na utani huo una ukweli ndani yake. Vihamba vya babu zetu, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na mikahawa, vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimebaki vipande vidogo. Wengi wetu tumesambaa Dar, Arusha, Mwanza na Dodoma kutafuta maisha, na kaburi la baba liko kule kwenye migomba. Ndiyo maana mwisho wa mwaka barabara ya kutoka Chalinze hadi Himo hujaa magari usiku na mchana. Ukishapita Same na Mwanga, baridi ya mlima ikaanza kuingia dirishani, hata mtoto aliyezaliwa Dar na hajui neno moja la Kichaga anakaa wima kwenye kiti.

Lakini safari hiyo ina upande wake wa pili, nao hatuusemi. Kurudi ni kuonekana. Nani amekuja na gari gani, nani amejenga, nani amepaka rangi kaburi la baba yake, nani kanisani amenunua mkungu wa ndizi kwa bei kubwa kwenye mnada wa sadaka. Mnada wenyewe naupenda sana. Baada ya ibada watu wanasimama nje ya kanisa, kuku anainuliwa juu akiwa amefungwa miguu, mtu ananunua, anamrudisha auzwe tena, na kanisa linapata fedha za bati au za madawati. Ni jambo la heri. Ila ukiwa umesimama pale na elfu mbili mfukoni, unatafuta pa kuficha uso. Nimekutana na watu wa kwetu mjini ambao hawajapanda mlimani miaka saba, minane, na kila mwaka wana sababu: kazi, mtoto mgonjwa, tiketi zimeisha. Siku hizi nikisikia sababu hizo sizibishii. Najua kilicho chini yake.

Sasa niseme kuhusu chai, maana ndiyo niliyokusudia kuisimulia.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Tarehe 25 ilikuwa ya kanisa na nyama. Wanaume walichinja, kisusio, ile supu ya nyama na damu, kikapikwa, ndizi zikamenywa tangu alfajiri, na mbege ikazunguka. Tarehe 26, ambayo kwetu Walutheri ni Krismasi ya pili, saa kumi jioni, ilikuwa chai. Haikuwa na kadi wala mchango, na hakuna aliyepigiwa simu. Ukiwa ndani ya Marangu saa kumi ya siku ile, unajua pa kwenda.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini chai, wakati kijiji kizima kimesimama juu ya kahawa. Kahawa ilikuja mlimani na wamisionari wa Kilema, na tangu mwaka 1933 babu zetu walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, cha kuiuza. Lakini nyumbani kwetu kahawa ilikuwa fedha. Ilichumwa, ikakobolewa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa kwenye chama cha msingi, ikarudi ikiwa ada ya shule. Kuinywa ilikuwa kama kuchemsha noti. Baba alinisomesha kwa mikahawa, lakini sikumbuki hata siku moja kumwona na kikombe cha kahawa mkononi. Tulichokunywa ni chai, majani ya dukani, maziwa ya ng'ombe wetu wa zizini.

Chai ya Mama ilianza saa nane mchana. Sufuria kubwa lilipandishwa kwenye mafiga katika jiko la nje. Kuni zilikuwa matawi makavu ya mikahawa iliyokatwa, kwa sababu zinawaka vizuri na hazileti moshi mwingi. Kwanza maji peke yake. Tangawizi alikuwa ameshaiponda kwenye kinu pamoja na maganda yake, akaitia, akaiacha ichemke mpaka maji yabadilike rangi na harufu ifike barabarani. Hapo alikuwa mkali. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla haijaiva, maziwa yanakatika, unabaki na mabonge yanayoelea kwenye maji ya njano. Baada ya tangawizi ziliingia iliki chache, kisha maziwa, kisha majani. Halafu anakaa kwenye kigoda na upawa wake. Chai inapanda, yeye anaichota, anaiinua juu hadi usawa wa kichwa, anaimwaga tena ndani ya sufuria kama uzi wa kahawia, inashuka. Inapanda tena, anaichota tena. Alifanya hivyo hata nusu saa bila kuchoka, huku anaongea na watu. Sukari haikuingia sufuriani. Iliwekwa pembeni kwenye bakuli, kwa kuwa baba mdogo ana kisukari naye hakutakiwa kunywea pembeni kama mgonjwa.

Cha kutafuna kilikuwa kile kilichotoka kihambani: magimbi ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu. Wajukuu walipenda maandazi, kwa hiyo shangazi alikaanga beseni moja.

Vikombe vilikuwa vya bati, vya bluu vyenye ukingo mweusi, na vilining'inia kwenye misumari ukutani jikoni. Kila mmoja wetu alikuwa na chake. Mama alifunga uzi kwenye mkono wa kila kikombe, wangu mwekundu, wa kaka wa kijani. Kikombe cha kaka kimebanduka rangi upande mmoja, pakubwa kama kucha ya kidole gumba. Alikiangusha kwenye mfongo, mfereji wa maji ya mashambani, tukiwa watoto, kikaviringika juu ya mawe mpaka kwa jirani, na tukakikimbilia wote wawili tukiwa tumelowa hadi magotini.

Krismasi ile ya 2018, jioni ya chai, vikombe vyote vilishushwa. Kile cha uzi wa kijani kilibaki kwenye msumari wake. Mama hakusema kitu mbele za watu. Usiku, wakati namsaidia kurudisha vikombe ukutani, akaniuliza, "Kaka yako yuko wapi?"

Nikamweleza habari za mchango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Alipe nini?"

"Mama, ndafu. Mchele. Rangi ya nyumba."

Akakaa kwenye kigoda. Akaniambia maneno ambayo nitayaandika kama nilivyoyasikia: "Mwanangu, nyama ina mgawo. Kidari kina mwenyewe, mguu una mwenyewe, kila mtu anapewa kwa cheo chake. Nyama inajua nani ni nani. Chai haimjui mtu. Nilianzisha chai ili asiye na cheo awe na siku yake. Wewe umemfungia mlango tangu Dar."

Nilitaka kujitetea kwamba orodha haikuwa na tusi hata moja. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeanza kuiona ile sifuri kwa macho yake.

Mwaka mzima kaka hakupokea simu yangu. Mwezi wa kumi na moja 2019 nilikwenda Marangu kwa siku mbili kumwangalia Mama. Asubuhi ya kuondoka alitoka hadi mpakani mwa kihamba, akakata isale, akalifunga fundo, akalizungushia kitambaa kibichi na kuliweka kwenye mfuko wangu. Msomaji wa Kichaga hahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba masale ni yale majani marefu tunayopanda kwenye mipaka na makaburini, na mtu akikuletea isale ameomba msamaha kwa namna ambayo mila haikuruhusu kuikataa. Mama hakunielekeza la kusema. Alisema tu, "Mpelekee. Umwambie chai ni saa kumi."

Nilimkuta kaka Mbagala, chumba kimoja cha kupanga, pikipiki ya mtu mwingine ikiwa imeegeshwa mlangoni. Mimi nilijua ana duka la vipuri Gerezani. Kumbe duka lilikuwa limekufa tangu katikati ya 2018. Alikopa, mzigo ukachelewa, riba ikala mtaji, gari likauzwa, wifi yangu akarudi kwao na watoto kwa muda. Hakumwambia mtu. Siku zile zote nilipokuwa nabandika orodha, alikuwa anaendesha bodaboda usiku ili asikutane na watu wa kwetu mchana.

Nilimpa shikamoo, nikampa isale. Alilishika kwa mikono miwili, akaangalia lile fundo, akajua nani amelifunga. Tulikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniambia, "Nilikuwa na elfu arobaini, mdogo wangu. Nilitaka kutuma. Nikafikiri, nikituma arobaini, itaandikwa arobaini."

Sentensi hiyo ninaishi nayo hadi leo. Miezi yote ile nilidhani sifuri ni ya mtu asiyejali. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa na elfu arobaini mfukoni na akaona aibu ya kuandikwa arobaini ni kubwa kuliko ya kuandikwa sifuri.

Desemba ile ile ya 2019 treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirudi baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka ishirini. Magazeti yaliandika habari za uchumi na utalii. Kwetu ilikuwa na maana ndogo na kubwa zaidi: nauli ya daraja la tatu ilikuwa nafuu kuliko ya basi, na kaka aliweza kuilipa mwenyewe. Nilitaka kumlipia tiketi, akakataa, na nashukuru alikataa.

Alishuka Moshi siku kadhaa kabla ya Krismasi. Sisi hatukujua. Alilala kwa rafiki yake wa shule, pale mjini, karibu kabisa na nyumbani, akashindwa kupanda. Tarehe 25 ikapita. Tarehe 26 saa tisa na nusu nilikuwa napanga mabenchi uani nilipomwona anakuja, si kwa njia ya geti ambako magari yamepangwa, bali kwa kinjia cha nyuma kinachopita katikati ya migomba, kile tulichokuwa tunapita tukichelewa kutoka shule. Mkononi alikuwa na robo kilo ya majani ya chai kwenye mfuko mweusi.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Hakuinuka. Hakupiga kigelegele wala kulia. Alimsalimia "Shimboni" kana kwamba kaka alitoka asubuhi kwenda dukani, akapokea ile robo kilo, akaifungua kwa meno, akaimimina yote sufuriani. Akampa upawa. "Shika hapa," akamwambia, "maziwa yanapanda."

Basi kaka akakaa mbele ya moto akiichota chai na kuimwaga, kuichota na kuimwaga, na watu walipoanza kufika mmoja mmoja, walimkuta yuko kazini. Hakuna aliyepata nafasi ya kumuuliza ulikuwa wapi. Ukimkuta mtu anakupikia chai, unamsalimia, unauliza kama imeiva. Nimefikiria sana ile busara ya upawa. Mtu anayerudi baada ya kushindwa hajui aiweke wapi mikono yake, na kukumbatiwa mbele ya watu 36 kungemwonyesha tu kwamba wote wanajua. Kazi ilimficha na kumrudisha kwa wakati mmoja. Na robo kilo ile ilitosha. Kwa watu arobaini sisi huhesabu lita kumi za maji na lita kumi za maziwa, kila mtu apate vikombe viwili, na robo kilo ya majani haiishi. Kwa hiyo siku ile ndugu wote, wenye vema na wasio na vema, walikunywa chai ya kaka.

Yule mtoto wa baba mdogo aliyeandika maneno yale mwaka uliotangulia alikaa mwishoni mwa benchi akiwa kimya. Baada ya chai alikunja mikono ya shati, akaenda kuosha vikombe karibu na kaka kwenye karai. Walichosemezana sikukisikia na sikuuliza.

Tangu hapo tumebadilisha mambo, mengine kwa kukosea kwanza. Michango bado ipo, kwa sababu mbuzi hajinunui. Ila kila mtu hutuma kwenye simu yangu, na kwenye kundi natangaza jumla peke yake. Mwaka wa kwanza wapo waliolalamika kwamba bila majina watu hawatatoa. Jumla haikupungua. Ndugu wenye uwezo waliongeza kimyakimya, na waliokuwa wanajificha wakaanza kutuma elfu kumi, elfu ishirini. Chai tumeiacha nje ya hesabu kabisa. Hakuna hata senti ya mchango inayoingia kwenye lile sufuria. Anayetaka kuja na kitu aje nacho, asiye nacho aje.

Desemba 2020 tulikosea vibaya. Baba mdogo aliona watu wote wamekusanyika, akafikiri ni nafasi nzuri ya kuzungumzia mpaka wa kihamba cha chini. Kwa haki alikuwa na hoja, jambo lenyewe lilikuwa limekaa miaka mingi. Lakini ndani ya dakika kumi watu walikuwa wamesimama, vikombe vimepoa mabenchini vikiwa na utando juu, na watoto wamekimbilia nyuma ya zizi. Siku hizi kikao cha ukoo kina siku yake, tarehe 28 asubuhi, kina mwenyekiti na daftari. Kwenye chai hatuzungumzii ardhi, michango wala ada. Tunazungumza habari za watu. Wazee wanasimulia baba zao walivyoteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, watoto wanasema mistari waliyoikariri kanisani, na kuna wakati hakuna anayesema kitu na hakuna anayeona shida.

Jambo jingine nililiona kwa kuchelewa, na linaniuma zaidi kwa sababu ni la wanawake wenzangu. Mwaka 2021 wifi yangu mmoja, mpole ambaye sijawahi kumsikia akinung'unika, aliniambia tukiwa jikoni kwamba ana miaka kumi na mmoja kwenye familia yetu na hajawahi kunywa chai ya tarehe 26 akiwa amekaa. Nikahesabu kichwani. Kweli. Sisi watoto wa kike wa nyumbani tulikuja kupumzika kwa Mama, wao wakaja kutupikia tangu tarehe 23. Jioni ile ile nilimwita kaka. Tangu mwaka huo chai ya saa kumi inapikwa na kugawiwa na watoto wa kiume wa nyumba, pamoja na wajukuu wa kiume, na mawifi wanakaa mabenchi ya mbele. Baba mdogo alisema hajawahi kuona jambo la namna hiyo. Sasa ndiye anayebeba mabenchi kutoka kwa majirani, na anaanza saa saba ili asije akachelewa.

Mama alifariki Juni 2022. Tulimlaza kihambani pembeni ya Baba, masale yamewazunguka wote wawili.

Ilipokaribia Desemba nilipendekeza tuache chai mwaka ule. Nilisema ni kwa heshima, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kufikiria kile kigoda kikiwa kitupu. Kaka akasema, "Mimi nitakuwa jikoni saa nane. Atakayekuja atanikuta." Nikaenda kumsaidia, na kwa haraka na machozi nikamimina maziwa kabla tangawizi haijaiva. Yakakatika yote, lita kumi, mbele ya macho yetu, mabonge meupe yakizunguka kwenye maji ya njano kama vile Mama alivyotuonya miaka yote. Watu walikuwa wameanza kuingia uani. Nilikaa chini kwenye vumbi la jiko nikalia kwa sauti, kilio ambacho hata msibani sikukilia.

Kaka hakunigusa. Alilibeba sufuria, akalimwaga kwenye shina la mgomba, akaliosha, akalirudisha motoni na maji mapya. Akawatuma watoto wawili kwa majirani na ndoo. Walirudi na maziwa kutoka nyumba tatu, na nyuma yao wakafuata wenye nyumba hizo wakitaka kujua kuna nini. Wakakaa. Chai ilinywewa karibu na magharibi, taa zimewashwa, kilele cha Kibo kimeshafunikwa na mawingu, na hatujawahi kuwa wengi namna ile. Majirani hao wanakuja kila mwaka sasa. Hatukuwaalika rasmi, na wao hawakuuliza.

Kaka ana pikipiki yake mwenyewe siku hizi, na mkewe amerudi na watoto. Duka hajafungua tena, na sijui kama atafungua. Kila tarehe 26 ni yeye anayekaa kwenye kigoda. Kikombe cha Mama, chenye uzi mweupe, anakinywea mjukuu wake aliyezaliwa miezi minne baada ya mazishi. Ana mikono midogo, tunamjazia nusu.

Mwaka huu nitapanda kwa basi la usiku, kwa kuwa tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na kwa anayefanya kazi hadi tarehe 23 jioni hiyo ni nafuu kubwa. Nimehesabu misumari ukutani kwa kichwa: vikombe 34. Tukiwa na wachumba wawili wapya, majirani wa nyumba tatu na mtoto wa shangazi ambaye hajafika nyumbani tangu 2014, tutakuwa 41. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo nikazunguka maduka manne mpaka nikavipata vya bati, vya bluu, vyenye ukingo mweusi. Nimenunua saba. Viko kwenye ndoo chini ya kitanda, kila kimoja kimefungwa gazeti, na nyuzi nimeshanunua, ila rangi watachagua wenyewe.